Mstari wa Nane

8 Mei, Jumatatu

Mvua za plamu zimeingia leo, zile za majira plamu zinapoiva. Redio imetangaza, kana kwamba mtu mwenye soksi zilizolowa anahitaji redio. Dada yangu Yu-chen amenitupia daftari hili na kalamu: "Andika humo, maana masikio yangu yamechoka." Ana haki. Tangu Machi nalala kwenye chumba chake cha kuanikia nguo hapa Zhubei, na kila jioni namwimbia wimbo uleule, Shao-wen alifanya hivi, Shao-wen hakusema vile.

Basi niandike. Mimi ni Yu-lien. Nimeolewa na Peng Shao-wen miaka kumi na mmoja, na kwa miaka sita ya mwisho tumekuwa tukiandika pamoja mfumo endeshi wetu wenyewe, ile programu inayoiamsha kompyuta na kuigawia kazi. Wetu si wa simu wala wa michezo. Ni mdogo na mkaidi, wa mashine za hospitali. Kampuni moja ya Taichung inayotengeneza mashine za kusafisha damu imeukubali, na inataka tuukabidhi baada ya Sikukuu ya Mashua za Joka, mwezi ujao.

Mimi na Shao-wen tumekubaliana hivi: nitakwenda kazini Zhudong kila siku mpaka kazi iishe. Ikiisha, tutakwenda ofisi ya usajili wa kaya tukatalikiane. Nimeiandika sentensi hiyo bila kukata hata neno. Najipongeza.

10 Mei, Jumatano

Mashine imeanguka, yaani imekwama katikati ya kazi, mara nne. Mvua.

11 Mei, Alhamisi

Imeanguka. Shao-wen amenikaangia yai nisilomwomba. Nimelila.

15 Mei, Jumatatu

Dada kauliza leo, "Hivi huko mnahangaika na nini hasa?" Nikamweleza nikiwa namenya vitunguu vyake.

Ukiwasha mashine, wa kwanza kuamka si sisi. Anaamka kwanza mwenyeji, programu ndogo iliyowekwa na kiwanda ndani ya ubao wa saketi wa mashine. Huyo mwenyeji anaukabidhi mfumo wetu jedwali la kumbukumbu ya mashine: kuanzia anwani hii hadi ile ni huru, tumieni, kuanzia ile hadi nyingine imetengwa, ina kazi zake, msiguse. Sisi ni wapangaji. Tunaingia palipo huru tu. Sasa huu ubao wa Taichung jedwali lake lina mistari saba ya sehemu zilizotengwa, nasi tumeiheshimu yote saba, na bado mashine inaanguka. Inafanya kazi nusu saa, au saa tatu, kisha ghafla namba tulizoziweka mahali fulani zinakutwa zimeharibika.

"Maana yake?"

"Maana yake kuna sehemu inayosemwa ni huru na si huru. Kuna kitu kinaishi humo na jedwali halikukitaja."

Dada akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mdogo wangu, hiyo si kompyuta. Hiyo ni ndoa yako."

Nikamwambia amenye vitunguu vyake mwenyewe, nikaenda kulala saa mbili.

17 Mei, Jumatano

Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Tunajaza namba ileile kila mahali panaposemwa ni huru, tunasubiri, kisha tunapita kukagua wapi imebadilika, kama mtu anayemwaga unga sakafuni ajue nani anaingia jikoni. Kabla ya kuanza tunachomoa waya wa mtandao, kitu cha nje kisituingilie. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Nimejaza, nimesubiri, nimekagua, na unga haujaguswa. Nikarudisha waya, nikaendelea na kazi ya kawaida, na baada ya saa moja mashine ikaanguka.

"Lien, kunywa chai," Shao-wen akasema.

"Nikinywa chai itaacha kuanguka?"

"Hapana. Lakini utakuwa umekunywa chai."

Nilikuwa nimesahau kwamba huyu mtu ananichekesha. Nilikasirika kwa kuwa nilicheka.

19 Mei, Ijumaa

Mama mkwe amepanda ngazi na sufuria ya supu ya kuku. Ofisi yetu iko juu ya duka la tambi la Shangazi Fung, na ngazi zake hazina paa, kwa hiyo alifika amelowa mabega. Alinitazama kiuno kama kawaida yake.

"Umekonda, mwanangu. Ile dawa ya daktari Chiang umeiacha?"

"Nimeiacha, Mama."

"Ndiyo maana." Akashusha pumzi ndefu. "Mwanamke hakati tamaa mapema hivyo."

Shao-wen alikuwa amesimama kando ya dirisha akifuta kibodi. Kibodi safi. Aliifuta na kuifuta.

Daftari, sikia. Miaka minne nilikunywa ile dawa. Mizizi, maganda, vitu vyeusi vinavyochemshwa mpaka nyumba nzima inanuka kama shimo, asubuhi na jioni, na kila mwaka mpya shemeji na mashangazi waliniuliza tumboni kuna nini. Kumbe tatizo si mimi. Shao-wen alikwishapimwa kabla sijameza kikombe cha kwanza, na majibu aliyajua. Sikuambiwa naye. Niliambiwa Machi na muuguzi wa kliniki, mama mchangamfu tu, aliyesema, "Si mume wako alikuja hapa miaka ile? Tulimweleza yote. Hakukwambia?"

Ningemsamehe kutokuwa na mtoto mara elfu. Kisichonitoka kooni ni kwamba alikuwa akinishikia kikombe. Alikuwa ananishikia kikombe na kunipa pipi ya plamu baadaye, kuondoa uchungu mdomoni.

22 Mei, Jumatatu

Mvua. Imeanguka. Mvua.

23 Mei, Jumanne

Talaka ya makubaliano inataka mashahidi wawili watie sahihi. Dada tayari. Leo nilimwomba Shangazi Fung, nikiwa na bakuli mkononi. Aliweka mwiko chini.

"Wewe, mimi nauza tambi. Sivunji nyumba za watu."

"Ni sahihi tu, Shangazi."

"Hata mwizi hutia sahihi tu. Kula, zinapoa." Kisha akapaza sauti nikiwa mlangoni: "Na huyo wa juu mwambie ashuke ale! Siku hizi anaagiza bakuli mbili anakula moja!"

Sikumwambia huyo wa juu kitu.

26 Mei, Ijumaa

Leo jambo dogo la ajabu. Hapa kwetu kila mashine ya maana ina pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi juu yake, ili itulie na isisumbue. Lazima iwe ya kijani, lazima isiwe imepita tarehe, na haifunguliwi wala haiondolewi. Mimi na Shao-wen tuna shahada mbili za uzamili kati yetu na hatujawahi kuwasha mashine bila pakiti. Hata benki wanaziweka. Hata hospitali.

Leo asubuhi juu ya mashine yangu nimekuta pakiti mbili. Ya pili ni ya Shao-wen. Kwenye mashine yake hakuna kitu.

"Umeniletea yako?"

"Yako inaanguka zaidi," akasema. "Inahitaji nguvu."

"Na yako?"

"Yangu itavumilia."

Niliguswa. Lakini nilipokuwa njiani kurudi Zhubei, mvua ikinipiga kwenye kofia ya pikipiki, nikajiuliza swali moja. Mashine zote mbili ni za ubao uleule na ugonjwa uleule. Ni nani hapa Taiwan anayemnyang'anya mgonjwa pakiti yake?

30 Mei, Jumanne

Imeanguka. Yake pia, kasema.

2 Juni, Ijumaa

Nataka kuandika hili taratibu.

Mchana palipiga radi mpaka vioo vikalia. Shao-wen alikuwa ameshuka kumsaidia Shangazi Fung kuinua magunia ya unga, maana maji yalikuwa yanaingia dukani. Umeme ukakatika. Mashine zetu zote mbili zikazima. Baada ya dakika chache umeme ukarudi, zikaanza kuamka zenyewe, yangu hapa, yake pale mezani pake, hatua mbili kutoka kwangu.

Mfumo wetu ukiamka huandika kwenye skrini mambo mawili kabla ya yote: tarehe toleo hilo lilipotengenezwa, na sehemu za kumbukumbu zilizotengwa, mstari kwa mstari. Niliuandika utaratibu huo mimi mwenyewe. Skrini yangu ikaandika mistari saba. Nikageuza shingo, bila nia yoyote, kama unavyomtazama jirani anapofungua dirisha wakati mmoja na wewe.

Ya kwake iliandika minane.

Nilisogea. Mstari wa nane ulikuwa mfupi, sehemu ndogo tu karibu na mwisho, anwani ya kuanzia, anwani ya kuishia, neno "imetengwa". Na juu, tarehe: 25 Mei.

Alikuwa ameipata. Alikuwa ameipata siku moja kabla ya kuniwekea pakiti yake. Kwa wiki nzima mashine yake haijaanguka hata mara moja, naye kila jioni ananiambia, "Na yangu pia." Nilisimama pale nikisikia sauti yake chini ikicheka na Shangazi Fung, mwanamume mzima aliyebeba gunia begani akicheka. Nilikaa kwenye kiti chake.

Niliinakili anwani kiganjani kwa kalamu. Aliporudi amelowa chapachapa alisema, "Umeme umerudi? Vizuri. Yako imewaka sawa?"

"Sawa."

"Na yangu?"

"Sikuangalia," nikasema.

5 Juni, Jumatatu

Nimeuweka mstari wa nane kwenye mashine yangu bila kumwambia. Asubuhi hadi jioni haijaanguka. Nimejua na sababu, maana nimejaza namba zangu tena na safari hii waya wa mtandao nimeuacha mahali pake. Kumbe ni ile kadi ya mtandao ya ubao. Kiwanda kimeipa pembe yake ndani ya kumbukumbu, inaandika humo kila habari ikiingia kwa waya, na hakuna aliyekumbuka kulitajia jedwali. Nasi kila tulipotaka kumkamata mwizi tulikuwa tunamfungia nje kwanza.

Saa kumi na moja nikaufuta mstari. Dakika ishirini, ikaanguka.

"Imeanguka," nikasema kwa sauti.

"Pole," akasema Shao-wen.

Pole! Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nilie bila kusikika, na nikalia, na sijui hata nalilia nini. Nusu yangu inasema: ananificha tena, hana dawa. Nusu nyingine inasema kitu cha aibu. Inasema: anataka uendelee kuja.

6 Juni, Jumanne

Hajasema.

7 Juni, Jumatano

Hajasema. Kaniletea pai za nanasi kutoka kituo cha treni.

8 Juni, Alhamisi

Hajasema. Nimejikuta nimevaa blauzi ya bluu. Dada kanitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Kazini, eh?" Nikamwambia nyingine zote hazijakauka, na kwa mvua hii hata yeye hakuweza kubisha.

9 Juni, Ijumaa

Mama mkwe amekuja mchana, Shao-wen akiwa benki. Hakuwa na sufuria. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mama, keti."

Hakuketi. "Ameniambia," akasema. "Jana usiku kaja nyumbani, kapiga magoti mbele ya picha ya baba yake, kaniambia yote. Kwamba ni yeye. Kwamba ulikuwa hujui." Alishika fremu ya mlango. "Mimi ndiye niliyekuwa nikizichemsha zile dawa, Lien. Nilikuwa nikikuona unakunja uso, nasema moyoni, mvivu huyu. Ningekuwa na uso mwingine ningeuvaa kuja hapa."

Mwanamke huyu nimemwogopa miaka kumi na mmoja. Leo nimemwona ni bibi mfupi mwenye viatu vya plastiki vilivyojaa maji. Nilimkalisha, nikamvua viatu, nikamkausha miguu kwa taulo la jikoni. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia juu ya nywele zangu.

"Usimsamehe kwa ajili yangu," akasema alipotulia. "Mimi nimemzaa na bado nataka kumpiga makofi."

Kwa hiyo ameweza. Shao-wen amefungua kinywa mwenyewe, bila muuguzi wala umeme kukatika, akasema jambo zito kuliko yote kwa mtu anayemwogopa kuliko wote.

Sitaki kuandika ninachokihisi. Naandika hata hivyo. Ninahisi tumaini, na linauma.

12 Juni, Jumatatu

Jana nimewaza siku nzima, nikikunja nguo za dada zisizokauka. Nimeamua, na nimeandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Shao-wen akiniambia mwenyewe kuhusu mstari wa nane, kwamba aliupata zamani na akanificha kwa kuwa hakutaka niondoke, nitarudi nyumbani. Jioni ileile. Sitamuuliza la zaidi. Kosa hilo nalipenda hata kabla hajalikiri. Lakini lazima aseme yeye. Nikimbana akasema, nitakuwa nimeichimbua kweli mwenyewe tena, kama kawaida, na maisha yangu yaliyobaki nitakuwa mtu wa kumwaga unga sakafuni.

Dada nilipomweleza alisema, "Na wewe je? Si nawe umenyamaza unajua?"

"Ndiyo. Nami nimenyamaza."

"Basi mmeoana vizuri," akasema, na hakuwa anatania.

13 Juni, Jumanne

Hajasema. Mvua kubwa, barabara ya mtoni imefungwa.

14 Juni, Jumatano

Nimemfungulia mlango. Nilisema, nikijifanya nasoma skrini, "Unajua, hata ukiwa umeiona sehemu fulani inatia shaka, hata kama huna hakika, niambie tu."

Aliacha kuandika. Nilisikia vidole vyake vimesimama.

"Nitakwambia," akasema.

"Hata kama ni ya zamani."

"Nitakwambia, Lien."

Vidole vikaanza tena.

16 Juni, Ijumaa

Bwana Tsao wa Taichung kapiga simu. Sauti yake imekuwa fupi. Shao-wen akamjibu, "Tuko karibu sana. Siku chache." Aliniangalia akisema "siku chache", na macho yake yalikuwa ya mtu anayeuza nyumba yake.

Anajua kwamba muda unamwishia. Mimi pia najua. Tumekaa hapo tukisikiliza mvua, watu wawili, kila mmoja na ufunguo uleule mfukoni, tukiwa tumefungiwa nje.

20 Juni, Jumanne

Siku nzuri, na ndiyo iliyoniumiza kuliko zote.

Mvua ilikatika asubuhi kwa saa kadhaa. Mama mkwe alileta majani ya mianzi na unga wa mchele, akageuza meza ya mikutano kuwa jiko, akatulazimisha tufunge ban-zong, vile vifurushi vya unga wa mchele vya sikukuu, pamoja naye. Za Shao-wen zilifumuka zote. Figili iliyokaushwa ikamwagika hadi kwenye kibodi.

"Miaka arobaini na mbili!" mama yake akasema. "Anaandika programu za mashine za damu na kufunga jani hawezi!"

"Jani halina maelekezo, Mama."

"Mkeo nani kampa maelekezo? Tazama ya kwake."

Tulicheka mpaka nikapaliwa, na Shao-wen akanipiga mgongoni, na mkono wake ukabaki pale. Mama mkwe ghafla akakumbuka ana jambo kwa Shangazi Fung, akashuka ngazi mbiombio.

Tulibaki wawili. Mikono yetu ilikuwa na mafuta. Akasema, "Lien."

"Ndiyo."

"Kuna kitu."

Nikasema ndani yangu: sema. Sema vibaya, sema nusu, sema kwa kigugumizi, nitaokota mwenyewe.

"Kuna kitu nataka kukuonyesha," akasema. "Kesho. Nipe mpaka kesho."

Nikasema sawa. Nimerudi Zhubei nikiimba ndani ya kofia ya pikipiki. Nimeanza kupanga nguo kwenye begi. Dada ameniletea begi la pili.

21 Juni, Jumatano

Kesho ni sikukuu.

Nilipofika ofisi ilikuwa imefagiliwa. Chai ilikuwa tayari, ile ya milima ya juu tunayowawekea wageni. Shao-wen alikuwa amenyoa. Aliponiona alisimama na uso wake ukafunguka, sijauona hivyo tangu tulipokuwa vijana.

"Nimeipata," akasema.

Nikaweka mkoba chini polepole. "Umeipata."

"Sehemu iliyofichwa. Ni kadi ya mtandao, Lien! Inaandika kwenye kumbukumbu na jedwali halisemi. Njoo uone." Akanivuta mkono, akaniketisha kwenye kiti chake. Skrini ilikuwa na mistari minane. Juu yake tarehe: 21 Juni. Alikuwa ameutengeneza upya asubuhi, ili tarehe iwe ya leo.

"Umeipata lini?"

"Leo. Leo asubuhi."

Nilimtazama. Nilitaka kumpa nafasi, nikampa. "Leo?"

"Nilikuja saa kumi na mbili. Sijui kwa nini, nikawaza, vipi nisipouchomoa waya? Tulikuwa tunauchomoa kila mara, unakumbuka? Nikauacha. Nikajaza namba, nikakagua, na hapo hapo, pembeni kabisa..." Alikuwa akieleza kwa mikono yake yote. Alieleza mpaka namna alivyoruka kitini, mpaka chai iliyomwagika. Kila kitu kilikuwa kweli, nina hakika. Kilikuwa kweli tarehe 25 Mei. "Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua," akasema.

"Ndiyo maana ya jana? 'Nipe mpaka kesho'?"

Alisita. Kidogo tu, kama mtu anayekanyaga ubao uliolegea. "Jana nilikuwa nahisi niko karibu."

"Na hukuwa umeipata kabla. Hata kidogo."

"Sasa ningeipata kabla si ningekwambia?" Akacheka. Alicheka kwa upendo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hanidharau, wala hana hila. Ananipenda, na akinipenda ananificha. Ndivyo alivyoumbwa. Alinishikia kile kikombe cha dawa kwa mkono huuhuu wa upendo, na angenishikia kingine mpaka tuzeeke.

Nikasema, "Hongera, Shao-wen."

"Hongera yetu," akasema.

Tulinywa chai. Alimpigia Bwana Tsao, nikamsikia akirudia hadithi ya saa kumi na mbili asubuhi, imeshakuwa laini, imeshapata mwanzo na mwisho. Nilitazama mashine ikifanya kazi bila kuanguka na nikajua nimekuwa nikiomba ianguke.

Nyumbani dada alikuta mabegi yamerudi chini ya kitanda. Alinikumbatia. Nimelia mpaka uso umevimba. Kama angesema hata kwa kunong'ona, hata kwa kunipa mgongo.

22 Juni, Alhamisi

Sikukuu. Sikutoka.

26 Juni, Jumatatu

Redio inasema mvua za plamu zimekwisha. Jua limewaka tangu asubuhi, kila ukuta wa Zhudong unatoa mvuke.

Bwana Tsao amepokea kazi. Mashine kumi zimefanya kazi siku nne mfululizo bila kuanguka. Kasema watatuandikia tena. Kasema sisi ni timu nzuri.

Ofisi ya usajili imetuchukua muda mfupi kuliko foleni ya posta. Shahidi wa pili amekuwa mama mkwe. Aliomba mwenyewe. Alitia sahihi kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, akanifunga kifungo cha juu cha blauzi kilichofunguka, akasema, "Mimi sijatalikiana na mtu," kisha akatoka nje kutusubiri akiwa ametupa mgongo. Karani aliuliza kama kuna jambo lolote ambalo hatujakubaliana. Shao-wen akasema hakuna. Nami nikasema hakuna.

Tulirudi ofisini kuchukua kibodi yangu na kikombe. Nilipokuwa nimeshuka ngazi mbili na boksi mikononi alinifuata mpaka mlangoni.

"Lien. Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Kama nisingeipata ile sehemu. Kama tungeendelea kuikosa. Ungeendelea kuja?"

"Ningekuja," nikasema. "Kila siku."

Uso wake ulikunjika wote. Akafungua mdomo. Niliona kabisa kwamba neno limefika, liko pale nyuma ya meno. Niliweka boksi chini. Nilisubiri. Chini Shangazi Fung alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria, na nikasubiri. Hata pale, daftari, hata na ile sahihi ikiwa mbichi, ningepanda tena zile ngazi mbili.

Akaniokotea boksi, akanirudishia mikononi, akalisawazisha vizuri lisinielemee upande mmoja.

"Shika ukuta," akasema. "Ngazi bado zina maji."

Nikashika ukuta, nikashuka.